Maji ya Kulowekea Ovaroli

Tarehe 4 Machi

...wala si kweli, Dada, kwamba mwanamume anayeshinda kwenye plastiki huwa na mapenzi ya plastiki. Ulilisema hilo mbele ya shangazi wote, ukacheka, wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu bibi arusi hanuni. Kisha ukanipa daftari hili, ukaniambia, "Andika masika yote, ukimaliza niletee nisome, nijue kama umeolewa au umepotea." Basi naanza na jibu la kwanza.

Leo asubuhi ameniaga, ametoka, amefika kona, amerudi mbio. Nikadhani amesahau funguo.

"Nimesahau kukuaga," akasema.

"Si umeniaga sasa hivi?"

"Nilikuaga nikiangalia saa."

Dada! Plastiki gani inasema maneno kama hayo?

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, ukichelewa, mlinzi wa geti atakuaga wewe."

Tarehe 6 Machi

Nimefua ovaroli yake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshaikoroga sabuni tele, Mama akanishika mkono. Anasema nguo ya kiwandani haianzwi kwa sabuni. Unailaza kwanza kwenye maji matupu ya mvua, vumbi linajitenga, ndipo sabuni ifanye kazi yake. Hivyo ndivyo alivyomfulia marehemu baba mkwe miaka ishirini na sita ya kiwanda cha saruji, na hakuna shati lililomshinda.

Nikailaza. Dada, vumbi lake halikuzama! Lilipanda juu ya maji likatanda kama utando wa maziwa, jeupe, kavu kabisa. Nikachovya kidole, kikatoka na unga mkavu. Nikaandika juu ya maji herufi ya kwanza ya jina lake, na ikakaa. Nikaandika na yangu kando yake. Nikachuchumaa pale nikizitazama mpaka Mama akauliza kama beseni limeniambia kitu.

Jioni, tukinywa chai, nikamuuliza mume wangu ule ni unga gani. Macho yakamwaka. Yeye ni mchanganyaji. Kiwanda chao kinatengeneza makreti ya kubebea chupa na matunda, na mwaka huu wanajaribu kutia unga wa mawe ya chokaa ndani ya plastiki. Chembe zake ni ndogo mno. Ukichukua unywele mmoja ukaugawa kwa upana wake mara elfu moja, kipande kimoja ndicho upana wa chembe moja.

"Hakuna kisu cha hivyo," nikasema.

"Ndiyo maana zinaitwa nano. Hata jina lilibidi liwe fupi."

Anasema jiwe na plastiki havipendani. Ukimwaga unga mtupu kwenye plastiki iliyoyeyuka, chembe zinakimbiliana zenyewe kwa zenyewe, zinashikana madonge kama uji uliokorogwa na mvivu. Kreti likianguka, ufa unaanzia kwenye donge. Kwa hiyo kila chembe hupakwa kwanza mafuta fulani, ya jamii ya yale ya mishumaa. Mafuta hayo yana kichwa na mkia. Kichwa kinashika jiwe, mkia unapenda plastiki. Hapo chembe zinatawanyika vizuri, na kreti linakuwa gumu bila kuwa rahisi kupasuka.

"Na mafuta yakizidi?"

"Plastiki inateleza ndani kwa ndani, inalegea. Kila kitu kipimo."

"Kama maneno ya mapenzi," Mama akadakia. "Yakizidi yanalegeza kazi. Vyombo vya mchana bado viko kwenye karai."

Nimeamua jambo, Dada, usinicheke. Kila nikifua nitaandika hapa kama unga umeelea. Siku zote unapoelea, najua mapenzi yetu yako juu.

Tarehe 7 Machi

Umeelea.

Tarehe 8 Machi

Umeelea. Lakini leo nimesikia jina nisilolipenda: Bi Vipimo. Si jina lake, ndivyo wanavyomwita. Ni mkuu wa chumba cha kupimia. Kila asubuhi mume wangu anampelekea vijiti vya plastiki waliyochanganya jana yake, naye anavipiga kwa nyundo inayobembea, anaandika. Madamu kasema hivi, Madamu kapenda vile. Nimehesabu: Madamu mara kumi na moja kabla ya chai kupoa.

Nikamuuliza kama ni mzuri.

"Nani?"

"Nyundo," nikasema, nikaondoka na birika.

Akanifuata jikoni akaniambia ukweli, na sasa hata mimi siwezi kutania. Mchanganyiko huu ni wa majaribio. Makreti yakifaulu kufikia mwisho wa masika, yeye ndiye atakayesimamia mashine mpya. Yakishindwa, mashine inazimwa na yeye anapelekwa kiwanda cha pili, safari ya siku mbili kwa basi. Kule wafanyakazi wanalala bwenini na wake hawaruhusiwi.

"Lakini hayatashindwa," akasema. "Mpaka sasa hakuna kijiti kilichovunjika."

Tarehe 12 Machi

Umeelea. Ameniletea kikombe kidogo cha plastiki ile. Nimekidondosha mara tano kwa furaha tu.

Tarehe 14 Machi

Dada, nimeolewa na shujaa!

Mvua ya leo ilianza saa nane mchana, nzito, kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati. Saa kumi na moja akaingia ameloa mpaka kwenye soksi, mweupe nusu na wa matope nusu. Paa la stoo lilifumuka upande mmoja. Mtunza stoo yuko likizo ya ugonjwa. Wengine walikimbilia basi la wafanyakazi, yeye akabaki na vibarua wawili. Magunia ya karatasi yalikuwa yameanza kulainika, wakayafungua, wakamimina unga mkavu kwenye magunia mapya, gunia baada ya gunia, ishirini na mbili! Hawakupoteza hata robo kilo.

"Kesho asubuhi nitayaandika majina," akasema huku meno yakigongana, "sasa nipe chai."

Nilimfuta kichwa kwa kanga yangu mpya. Mama alimtazama akasema, "Baba yako naye alikuwa hivi. Moto wa wenzake ulikuwa unaunguza nguo zake." Sikujua kama anamsifu au anamwonya. Mimi namsifu!

Tarehe 15 Machi

Amepiga chafya mara tisa. Bado mzuri.

Tarehe 18 Machi

Sijui niandikeje. Nimelaza ovaroli kwenye maji, unga ukazama. Wote. Maji yakawa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na kidole changu kikaandika hewani. Nilikaa pale mpaka vidole vikakunjamana.

Akarudi kimya. Amekula robo sahani. Nilipomgusa bega akasema amechoka tu.

Nimefanya nini, Dada? Ni ile chumvi ya jana?

Tarehe 19 Machi

Umeelea! Amerudi akipiga mluzi. Nimeandika herufi zetu tena, na katikati nimechora kitu ambacho sitakitaja.

Tarehe 21 Machi

Umezama. Amekaa mlangoni akitazama mvua. Nikamuuliza kama nimemkosea, akaniuliza nimemkosea nini. Jibu la namna gani hilo?

Tarehe 22 Machi

Umezama tena. Sasa amesema. Vijiti vimeanza kuvunjika. Leo sita kati ya kumi. Jana saba. Bi Vipimo amemwambia arekebishe mizani yake, kana kwamba hajui kupima. Nilimkumbatia. Moyoni, Mungu anisamehe, nilipata nafuu kidogo, maana nilidhani huzuni ilikuwa yangu.

Tarehe 25 Machi

Umeelea. Vijiti vyote vimepona. Anasema hilo ndilo linalomchanganya zaidi: mashine ile ile, kipimo kile kile, joto lile lile, leo chuma, kesho biskuti.

Tarehe 28 Machi

Umezama. Mvua. Nguo hazikauki, nyumba inanuka sabuni na moshi.

Tarehe 2 Aprili

Umeelea. Umeelea kabisa. Sina la kuongeza.

Tarehe 4 Aprili

Umezama.

Tarehe 11 Aprili

Leo alisahau chakula chake, nikampelekea mpaka getini, na nimemwona. Bi Vipimo! Dada, nilikuwa nimejiandalia mrembo wa viatu virefu. Ni mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa uzi mweusi sikioni, kidevu kimetangulia kama nyundo yake mwenyewe. Alisimama na mume wangu kwenye korido, kijiti kilichovunjika mkononi, akisema kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia:

"Mimi sitaki pole. Nataka sababu."

"Madamu, bado natafuta."

"Unatafuta au unasubiri mvua iishe?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Kichwa kile ninachokipaka mafuta kila asubuhi! Nimerudi nyumbani nikimjibu njia nzima. Mwanamke yule ana roho ya chuma cha pua. Naliandika hili kwa wino na silifuti.

Tarehe 16 Aprili

Umeelea.

Tarehe 18 Aprili

Umezama. Mama amepika yeye.

Tarehe 27 Aprili

Bi Vipimo ameandika ripoti. Itasomwa na meneja Jumanne. Mume wangu ameiona: "Matokeo yasiyotabirika, huenda ni uzembe wa mchanganyaji." Hiyo ndiyo safari ya siku mbili kwa basi, Dada. Hilo ndilo bweni.

Ameteremsha sanduku dogo kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliacha wazi kitandani bila kutia kitu ndani. Nimelifunga. Baadaye nimelikuta wazi tena.

Tarehe 28 Aprili, Jumapili

Leo naandika mengi. Mkono utauma, na uume.

Baada ya chakula cha mchana mume wangu alikaa sakafuni na karatasi zake, akitaja siku mbaya kwa sauti ya chini, anatafuta kitu kinachozifananisha. Mimi nilikuwa nakunja nguo nyuma yake.

"Tarehe kumi na nane Machi," akasema. "Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na nane..."

Nikaiweka chini nguo niliyokuwa nakunja. Nilizijua tarehe hizo. Nilizililia. Nikaenda kuchukua daftari hili huku yeye akiendelea kutaja, nikarudi nikamwambia, "Endelea kusoma."

"Nne Aprili."

"Umezama," nikasema.

"Nini kimezama?"

Ikabidi nieleze, Dada. Herufi juu ya maji, mapenzi yaliyo juu, yote. Masikio yaliniwaka moto. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alinyanyuka polepole kama mtu aliyeona nyoka, akaniuliza, "Unga ulizama kwenye maji matupu? Kabla ya sabuni?"

"Kabla ya sabuni. Mama ndiye aliyenifundisha."

"Uliopakwa mafuta hauwezi kuzama," akasema. "Mafuta yanakataa maji. Unaozama ni ule mbichi, ule tunaotia kwenye plastiki ya vyungu vya maua, visivyohitaji nguvu." Kisha akakaa tena, na uso wake ukabadilika. "Mke wangu, nisomee siku ya paa."

Nikafungua tarehe kumi na nne Machi. Nikaanza kwa sauti, "Dada, nimeolewa na shujaa," na nilipofika kwenye magunia mapya, nikaacha kusoma. Nilikuwa nimeelewa.

Stoo ilikuwa na unga wa aina mbili. Magunia ya zamani yalikuwa na maandishi, mapya hayakuwa na alama yoyote. Kesho yake asubuhi, na homa yake, aliyaandika majina kwa kumbukumbu. Rundo la kushoto, lililopakwa. Rundo la kulia, mbichi. Na vibarua walikuwa wamebeba mengine kutoka huku kwenda kule ili kupisha maji.

"Sikumuuliza mtu," akasema. "Nilikuwa na uhakika."

Si uzembe wa mizani, basi. Lakini ni kosa lake. Nilimwona mume wangu kama nilivyokuwa sijamwona tangu harusi: mtu mwenye jasho juu ya mdomo, anayeogopa, anayeweza kukosea akiwa na nia safi kabisa. Nilidhani mapenzi yangu yangepungua kwa kipimo fulani. Yalitulia tu, kama kitu kilichopata mahali pa kukaa.

Nikasema, na sijivunii hili, "Tunaweza kuyabadilisha magunia kimya kimya. Nani atajua?"

Mama alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. "Mficha uchi hazai," akasema. "Na makreti yaliyokwisha kutengenezwa mtayabadilisha kimya kimya pia? Kuna mtu atabebea chupa humo, yamwangukie mguuni."

Mume wangu akanitazama. "Kesho twende wote. Uje na daftari."

"Daftari lote?"

"Tarehe ziko humo."

Na mengine yamo pia! Dada, tarehe kumi na moja Aprili imo!

Tarehe 29 Aprili

Chumba cha kupimia ni kidogo, safi, kina dirisha moja. Ukutani kuna rafu za chupa za kioo, na ndani ya kila chupa vijiti vilivyovunjika na tarehe juu yake. Nikasimama nikivitazama. Yule mama ametunza huzuni za mume wangu zote, kwa mpangilio.

Mume wangu alisema yote mwenyewe, amesimama wima: paa, magunia, kumbukumbu. Bi Vipimo hakumkatiza. Kisha akanyoosha mkono. "Lete hilo daftari."

"Madamu, naweza kukusomea mimi..."

"Binti, nina miwani."

Akafungua rejista yake kando ya daftari langu, akaanza kwa kidole.

"Kumi na nane Machi. Umezama. Kwangu: vimevunjika. Kumi na tisa, umeelea. Vimepona. Na katikati umechora nini ambacho hutakitaja?"

"Ruka hapo, Madamu."

Akaruka. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tano, ishirini na nane, zote zikalingana. Nilianza kupumua. Kisha kidole kikasimama.

"Mbili Aprili. Umeandika umeelea. 'Umeelea kabisa.' Kwangu vimevunjika vinane." Akavua miwani. "Hapa pana shida. Kama siku moja inapinga, siwezi kwenda kwa meneja na beseni lako."

Mume wangu akanitazama. Nilijua jibu ni langu, Dada.

"Siku ile ulizama," nikasema. "Tuligombana asubuhi kwa sababu ya kitu cha kijinga, taulo. Nilitaka sana uelee. Nikaandika nilichotaka."

Bi Vipimo akaivaa tena miwani. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akafuta "umeelea" langu kwa mstari mmoja, akaandika "umezama" juu yake, akanipa nitie sahihi kando, kama kwenye hati. "Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini," akasema. "Kila mtu anayepima kitu anachokipenda ana tarehe mbili Aprili yake."

Akaendelea. Nne, sawa. Kisha akafungua ukurasa wa tarehe kumi na moja, nami nikafumba macho.

"'Kidevu kimetangulia kama nyundo yake mwenyewe,'" akasoma, bila haraka. "'Mwanamke yule ana roho ya chuma cha pua.'"

Mume wangu akakohoa. Nilitamani sakafu inimeze.

"Chuma cha pua hakishiki kutu," akasema Bi Vipimo. "Asante. Tuendelee, kumi na sita."

Zote zililingana. Tukaenda stoo, sisi watatu, yeye mbele na bilauri ya maji. Kijiko kimoja kutoka kila gunia lililobaki lenye maandishi "uliopakwa". Gunia la kwanza, unga ukaelea. La pili, ukaelea. La tatu ukashuka kama moshi uliopinduliwa, maji yakawa meupe. Mume wangu alifumba macho. Magunia manne kati ya tisa. Kwenye rundo la mbichi tukakuta manne yanayoelea.

"Nimekuandika mzembe," akamwambia mume wangu. "Nitalifuta neno hilo na kuandika la kweli, ambalo si tamu zaidi. Utapata onyo. Na makreti yote ya siku zilizozama yatasagwa, na utayasaga wewe."

"Ndiyo, Madamu."

"Mchanganyiko wenyewe ni mzuri. Ningechukia kuuzika kwa sababu ya alama kwenye gunia."

Nilipokuwa natoka akaniita. "Binti. Mama mkwe wako alijuaje kuloweka bila sabuni?"

"Saruji, Madamu. Miaka ishirini na sita."

"Msalimie."

Tarehe 30 Aprili

Meneja ametoa wiki moja na nusu ya kujaribu upya. Sanduku bado liko kitandani, limefungwa.

Tarehe 3 Mei

Umeelea. Nimeandika kilichotokea.

Tarehe 6 Mei

Umeelea. Mikono yake ina malengelenge ya kusaga makreti. Mama anampaka mafuta na kumwita shujaa wa magunia, na yeye sasa anacheka.

Tarehe 10 Mei

Wamedondosha makreti arobaini kutoka juu ya ngazi, yamejaa chupa za mchanga, meneja amesimama pale na mwavuli wake. Arobaini yameanguka. Yamedunda, yamelia, mawili yamekwaruzika pembe. Hakuna lililopasuka!

Meneja alitaka moja lidondoshwe tena. Bi Vipimo akapanda ngazi mwenyewe, na viatu vyake vya kazi, akaliachia. Halafu akashuka akaandika.

Mume wangu anabaki. Barua ya onyo na barua ya mashine mpya amepewa siku moja, kwenye bahasha moja. Mama amezisoma zote mbili kwa sauti, ya onyo mara mbili.

Na stoo sasa ina sheria: hakuna gunia linalofunguliwa bila bilauri ya maji. Vibarua wanaita "kipimo cha bibi arusi". Nimeona haya, halafu nimefurahi, halafu nimeona haya tena.

Tarehe 20 Mei

Leo hakuna mvua kwa siku ya nne. Nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Nimefua ovaroli yake na unga umeelea, na kwa mara ya kwanza sikuandika herufi. Nilikaa nikiwaza ule mkia na kile kichwa, jinsi kitu chembamba vile kinavyoshika huku na huku bila kuonekana. Nikamkumbuka Mama na maji yake matupu. Nikamkumbuka Bi Vipimo na kalamu yake nyekundu. Nilikuja hapa nikidhani ndoa ni watu wawili. Kumbe hata wawili wakipendana vipi, kuna wanaowashikilia wasishikane madonge.

Bado ni mzuri, usidhani nimepoa! Leo tena alirudi kutoka kona. Safari hii alikuwa amesahau funguo kweli, lakini alinikumbatia ili isijulikane.

Amepewa siku tatu za mapumziko, na lile sanduku dogo hatimaye limetiwa nguo, zake na zangu. Daftari limebaki kurasa mbili, nazo nakuachia wewe. Tutapanda basi sote wawili, na mwezi huu hautaisha hatujabisha hodi kwako. Mama anasema atalinda nyumba na hataki barua. Tunakuja na kreti moja, la kijani, limetoka kwenye mashine yake. Nyumba yako ina ngazi ndefu pale nje. Ita shangazi wote waliocheka, panda mpaka juu, ulidondoshe mwenyewe.